Ukoka umekauka? Usikimbilie mpira wa maji

Jua la Januari na Februari likishawaka Dar es Salaam, uwanja uliokuwa wa kijani wakati wa vuli hugeuka rangi ya mkeka uliochakaa. Majani hukatika yakikanyagwa, vumbi hupanda hadi dirishani, na watoto waliozoea kucheza pekupeku hurudi ndani na nyayo zilizochunika.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaoacha mpira wa maji wazi usiku kucha siku maji yanapotoka. Wengine humwita fundi bustani ang'oe ukoka wote na kupanda mwingine. Njia zote mbili zinakula fedha, na mara nyingi hakuna iliyohitajika.

Suala lenyewe pia limepita uzuri wa uwanja. Oktoba 2022, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Katika kipindi kama hicho, ndoo inayomwagwa kwenye majani ni ndoo iliyotolewa kwenye kunawa mikono, kufua nepi na kusafisha choo. Ndiyo maana familia inayotaka kurudisha kijani chake inapaswa kujua kwanza ukoka unaishi vipi wakati wa kiangazi, kisha ipange nani anapata maji kabla ya nani.

Umelala au umekufa?

Ukoka ni jani gumu. Unyevu ukipungua, huacha majani ya juu yakauke na kuhifadhi uhai wake chini, kwenye mizizi, kwenye vikonyo vinavyotambaa ardhini na kwenye shina fupi lililogusana na udongo. Umelala, unasubiri mvua. Unaweza kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, hata miezi, kisha ukachipua.

Paspalamu, lile jani pana linalopandwa sana katika nyumba za mijini, nalo hutambaa na huweza kuchipua upya, ingawa uvumilivu wake hutegemea aina iliyopandwa na kina cha udongo. Nyasi za Kikuyu, zinazopendwa Nairobi, Arusha na sehemu nyingine za nyanda za juu zenye baridi, huteseka zaidi zikiletwa kwenye joto la pwani.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, fanya vipimo viwili. Cha kwanza ni kuvuta. Shika fungu la majani yaliyokauka na uyavute taratibu. Yakitoka kirahisi pamoja na mizizi iliyosinyaa na kukatika, sehemu hiyo huenda imekufa. Yakishikilia, na ukichimbua kidogo ukakuta vikonyo vyeupe au vyenye ukijani kwa ndani, ukoka wako uko hai.

Kipimo cha pili ni cha maji kidogo. Chagua eneo la mita moja kwa mita moja, weka vijiti pembeni, kisha limwagilie peke yake mara mbili au tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki mbili. Vichipukizi vya kijani vikitokea, uwanja mzima una nafasi ya kurudi mvua zikianza. Pasipotokea kitu, unajua kwamba hapo patahitaji kupandwa upya, na umelijua hilo kwa ndoo chache tu.

Maji ya ukoka na maji ya familia

Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Ili ukoka uendelee kuwa wa kijani wakati wa joto, unahitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki. Kila milimita moja katika mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo uwanja mdogo wa mita za mraba 50 utakunywa lita 1,250 kwa wiki, sawa na tanki la lita 1,000 na robo yake, au madumu zaidi ya 60 ya lita 20.

Sasa linganisha na watu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 za maji kwa siku ili kukidhi mahitaji yake ya msingi. Familia ya watu watano, kwa kiwango cha chini cha lita 50, inahitaji lita 1,750 kwa wiki. Kwa maneno mengine, kauwanja hako kadogo kanataka maji kama ya watu watatu na nusu.

Wakati wa mgawo, kinachobanwa kimyakimya ndani ya nyumba huwa ni usafi. Watu watapika na watakunywa, lakini watanawa harakaharaka, watafua kwa kuruka siku, na choo kitamwagiwa maji kidogo. Huo ndio mlango wa magonjwa ya kuhara, na wanaoumia kwanza ni watoto wadogo na wazee.

Kuna pia swali la nani anayabeba. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Kwa mtoto wa miaka 10, huo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wake. Kumtuma mtoto au dada wa kazi kuchota madumu ya ziada kwa ajili ya majani ni kuhamisha gharama ya bustani kwenye mgongo na shingo yake.

Habari njema ni kwamba ukoka uliolala hauhitaji lita 1,250. Unachohitaji ni maji ya kuuzuia usife. Lita 12 hivi kwa kila mita ya mraba, mara moja kila wiki tatu, hutosha kuulinda moyo wa mmea. Kwa uwanja ule ule wa mita 50, hiyo ni lita 600 kwa wiki tatu, yaani lita 200 kwa wiki, sawa na ndoo 10. Hautakuwa wa kijani, lakini utakuwa hai.

Ndoo hizo 10 familia nyingi tayari inazo. Zinamwagwa kila wiki kwenye mfereji baada ya kufua.

Maji ya kufulia: yapi yanafaa?

Maji ya kusuuzia nguo, ya kuoshea mboga na ya kuogea yanaweza kutumika kwenye ukoka, mradi masharti machache yafuatwe.

Tumia ya kusuuza, usitumie yale ya kwanza yenye povu zito. Sabuni nyingi za unga zina chumvi ambazo zikirundikana hugandisha udongo na kuuchosha mmea. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yaachwe kabisa.

Yamwage siku ileile. Maji machafu yakikaa kwenye pipa zaidi ya siku moja huanza kunuka, na vijidudu huongezeka. Yamimine taratibu chini, kwenye udongo, usiyarushe hewani, na usiwaruhusu watoto kucheza hapo hadi pakauke. Badilisha sehemu kila mara ili eneo moja lisipokee sabuni wiki nzima.

Maji yaliyofuliwa nepi au nguo za mgonjwa anayeharisha yasiguse uwanja. Hayo yana vimelea vilevile vilivyomo kwenye kinyesi, na mtoto anayetambaa atavipeleka mdomoni. Maji ya jikoni yenye mafuta nayo hayafai, kwani huziba udongo na kuvuta panya na nzi.

Wapo pia wanaochepusha maji ya karo la choo kwenda bustanini kwa sababu yana rutuba. Hiyo ni hatari ya wazi ya kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo, na hakuna kijani kinachostahili bei hiyo.

Katika hilo, kiangazi hutoa siri moja. Ukiona kipande kimoja cha uwanja kimebaki kijani kibichi ilhali kwingine kumekauka, usifurahi haraka. Angalia kama kiko juu ya karo au kando ya bomba. Huenda karo linavuja, au bomba la maji safi limepasuka na bili inapanda kila mwezi bila wewe kujua.

Wenye visima karibu na bahari wana tahadhari ya ziada. Maji ya chumvi hufanya mmea ushindwe kunyonya unyevu hata udongo ukiwa umelowa. Ukiona ukungu mweupe umeganda juu ya udongo, acha kumwagilia kwa maji hayo na usubiri mvua ioshe chumvi ishuke chini.

Mapipa yamefunikwa?

Nyumba inayotunza maji ya bustani huwa na mapipa, ndoo na madumu yaliyokatwa nusu kila kona. Kwa mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, huo ni mwaliko. Dar es Salaam imewahi kukumbwa na milipuko ya dengue, ikiwamo ya mwaka 2014 na 2019.

Mbu huyu huuma mchana, hupenda maji yaliyotulia karibu na watu, na katika joto la pwani huweza kutoka kwenye yai hadi kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Mayai yake hunata kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kumwaga maji pekee hakutoshi.

Kila chombo kiwe na mfuniko unaoziba, au kitambaa chepesi kilichofungwa kwa kamba. Kila wiki, chombo kisuguliwe kuta zake za ndani kwa brashi kabla ya kujazwa tena.

Fagio la chelewa na kiberiti

Mila ya uwanja uliofagiwa ni ya zamani na ina sababu zake. Uwanja mtupu humuonyesha nyoka mapema, na nyumba iliyofagiwa asubuhi huhesabiwa ina watu wenye adabu. Shida huanza mila hiyo inapohamia kwenye ukoka uliolala.

Fagio la chelewa likipita kila asubuhi juu ya majani makavu, huondoa kile kijiblanketi kinachozuia jua lisichome udongo. Baada ya wiki chache vikonyo huachwa uchi na kukauka. Vumbi linalotimka huingia ndani, na kwa mwenye pumu, hasa mtoto, hiyo inaweza kuwa sababu ya usiku wa kukohoa.

Njia ya katikati ipo. Fagia njia ya kuingilia, mbele ya mlango na chini ya kamba ya nguo. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia ili vumbi litulie. Kwenye ukoka, okota takataka kwa mkono au pitisha reki kwa wepesi mara moja kwa wiki, na uyaache majani yaliyokauka mahali pake.

Usichome moto majani makavu kwa imani kwamba majivu yatauamsha ukoka. Moto huunguza vikonyo vilivyo juu ya ardhi, na moshi wake huwaumiza walio ndani. Usikate majani pia wakati huu. Yaliyokauka ndiyo kivuli cha yaliyo hai.

Punguza msongamano. Ukoka uliolala ukikanyagwa njia moja kila siku, au ukiegeshewa gari, hufa hapo hapo. Wahamishie watoto goli lao kila wiki, na gari litafutiwe mahali pake.

Mvua ikianza, nenda kwa hatua

Masika yakikaribia, mwezi Machi kwa maeneo mengi ya pwani, haraka haina baraka. Mvua ya kwanza hulowesha juu tu. Chukua bisibisi ndefu na uichome ardhini. Ikizama sentimita 10 bila kulazimishwa, udongo umepata maji ya kutosha kuanza kazi.

Hatua ya kwanza ni kuondoa yaliyokufa. Pitisha reki, kusanya majani yanayong'oka yenyewe na uyapeleke kwenye shimo la mboji.

Hatua ya pili ni kuupa udongo pumzi. Uwanja uliokanyagwa kiangazi chote huwa mgumu kama sakafu, na mvua ikinyesha hukimbilia barabarani. Toboa kwa jembe uma, kila baada ya sentimita 10 hivi, kwa kina cha sentimita 8 hadi 10. Maeneo ya njia na mbele ya baraza yanahitaji matundu zaidi.

Hatua ya tatu ni kutandaza mchanganyiko wa mchanga na samadi iliyooza, iliyochekechwa, kwa unene wa nusu sentimita. Kwa mita za mraba 50, toroli nne au tano zinatosha. Sambaza kwa mgongo wa reki hadi ncha za majani zionekane. Ukiufukia, umeuzika.

Hatua ya nne ni kuziba mapengo. Chukua vipande vya ukoka vyenye mizizi kutoka sehemu iliyostawi, vipande kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, kanyaga kidogo vishike udongo, na hakikisha havikauki kwa wiki mbili za kwanza. Vitatambaa na kukutana vyenyewe. Hakuna haja ya kununua uwanja mpya.

Hatua ya tano ni mbolea, baada ya majani kuwa kijani na si kabla. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni na huunguza ikiwekwa kwa pupa. Kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa kwa kila mita ya mraba kinatosha. Irushe majani yakiwa makavu na udongo ukiwa na unyevu, kisha mwagilia mara moja, au iweke saa chache kabla ya mvua ya kawaida. Mvua kubwa ikiwa njiani, subiri, la sivyo mbolea yako itaishia mtaroni.

Hatua ya sita ni kukata. Subiri majani yarefuke, kisha usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka ukiachwa na sentimita tatu hadi tano huotesha mizizi ya kwenda chini, na hiyo ndiyo akiba ya kiangazi kijacho. Anayekata kwa fyekeo au mashine avae viatu vigumu, aokote kwanza mawe na chupa, na watoto wawe mbali.

Samadi, kidonda na pepopunda

Samadi mbichi ni kosa la kawaida. Huunguza majani, huleta mbegu za magugu, na hubeba vimelea vinavyosababisha kuhara. Inunuliwe ile iliyokaa miezi kadhaa, isiyonuka wala kutoa joto, inayobomoka mkononi kama udongo.

Hata hiyo ishikwe kwa glovu na mabuti. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na huingilia kwenye jeraha, hata tundu dogo la msumari au mwiba. Mtu aliyechomwa akiwa anafanya kazi ya bustani aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya na kuulizia chanjo ya pepopunda. Watoto huipata utotoni na wanawake hupewa wakati wa ujauzito, lakini mtu mzima asiyekumbuka alichanjwa lini asijipe moyo kwamba bado ana kinga.

Udongo ukilowa, viatu vinawahusu watoto pia. Mabuu ya minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu, na ya mbwa na paka huacha michirizi inayowasha vikali. Kinyesi cha wanyama kiondolewe kila siku, na mikono inawe baada ya michezo.

Mvua pia huleta wageni. Viwavijeshi hupenda majani machanga yanayochipua baada ya ukame, na wanaweza kunyoa uwanja kwa siku chache. Wanakula majani, wakiacha mizizi, hivyo ukoka wenye afya huchipua tena. Kabla ya kununua sumu, jiulize ni nani atakayetambaa hapo kesho. Ikilazimika, isomwe lebo, ivaliwe barakoa na glovu, na watoto na mifugo wazuiwe kwa muda ulioandikwa. Sumu isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Si lazima uwanja wote uwe kijani

Baada ya hesabu zote, baadhi ya familia zitaona kwamba uwanja wao ni mkubwa kuliko maji yao. Hakuna aibu kuupunguza. Kipande cha mita nne kwa tano mahali watoto wanapocheza kinahitaji chini ya nusu ya maji ya uwanja wa mita 50. Sehemu iliyobaki inaweza kuwekwa kokoto, miti ya kivuli au mboga ambazo angalau zitafika mezani.

Mvua yenyewe ikusanywe. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10, hutoa lita zinazokaribia 800. Mfereji wa bati na tanki lenye mfuniko ni uwekezaji unaohudumia choo, ufuaji na ukoka kwa pamoja.

Kiangazi kijacho kikifika, mpango uwe umeshazungumzwa nyumbani: maji ya kunywa na kupikia kwanza, ya kunawa, kuoga na choo yafuate, na ukoka upate yale yaliyokwisha kusuuza nguo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ukoka ukilala, mvua itauamsha.